Nambari Iliyogawanyika kwa Kumi na Moja

Vijana walionipokea kazi wameniomba niandike yale niliyoyaona katika miaka yangu ya telegrafu. Nadhani waliomba kwa adabu tu, kama mtu anayekula anavyomkaribisha mpita njia, lakini mimi nimekaribia na kunawa kabisa. Vyeo nitaviacha. Kila aliyekaa muda mrefu kuliko wenzake hupanda, hata moshi hupanda. Nitaandika juu ya kazi, na zaidi juu ya kosa moja, kwa kuwa hilo ndilo lililonifundisha kuliko mengine yote.

Naandika Kiswahili kwa sababu nilizaliwa Unguja, katika familia ya Wangazija waliorudi kwao nami nikiwa mtoto wa miaka kumi na miwili. Kingazija cha Moroni nakisema, Kindzuani cha Mutsamudu nakisema, Kifaransa cha ofisini nacho ninacho. Ila mkono wangu ulijifunza kuandika kwa lugha hii, na mkono hausahau upesi kama kichwa.

Siku yangu ya kwanza, hapo Moroni, nilikabidhiwa kwa Bwana Nasuru, mkuu wa chumba cha redio. Yeye alijifunza kazi Bukini, yaani Madagaska, na alikuwa na masikio makubwa ambayo tuliamini yalikua kwa ajili ya kazi hiyo. Aliniketisha kwenye kiti kisicho na mgongo, akanivisha visikilizio, akaondoka. Kwa saa tatu nilisikia milio mifupi na mirefu ya Morse ikipita kama mvua juu ya bati. Aliporudi aliniuliza nimeelewa nini. Nikamwambia sikuelewa hata herufi moja. Akasema vizuri, tunaanza kesho, maana wawili walionitangulia walidai wameelewa kidogo, na wote wawili aliwarudisha nyumbani.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache. Kitufe cha shaba cha kupigia. Visikilizio. Fomu za telegramu. Penseli, kamwe si kalamu ya wino, kwa kuwa wino hukauka katikati ya habari ya msiba. Na msumari mrefu uliosimama juu ya kibao, ambapo kila fomu iliyokwisha kazi ilichomekwa. Bwana Nasuru aliuita msumari ule hakimu. Alisema mtu anaweza kubisha, fomu iliyochomekwa haibishi.

Aliogopa tarakimu kuliko kitu chochote. Alinieleza kwamba neno likikosewa herufi, msomaji atalitengeneza mwenyewe. Mama akiletewa habari kuwa mwanawe "amefiki" Marseille, atajua amefika. Tarakimu haina huruma hiyo. Saba ikiwa nane, hakuna atakayejua, wote watalala salama juu ya uongo. Kwa hiyo alitufundisha kupima. Kipimo cha kwanza kilikuwa cha tisa: unajumlisha tarakimu zote za nambari, ukipata jumla unajumlisha tena tarakimu zake, mpaka ibaki tarakimu moja. Anayepeleka anaiongeza hiyo moja mwishoni, anayepokea anaitafuta kwake, zikilingana mambo ni mazuri. Kipimo cha pili kilikuwa cha kumi na moja. Hapo unajumlisha tarakimu kwa kuruka moja moja, halafu unajumlisha zile ulizoziruka, kisha unatoa jumla moja katika nyingine. Kilikuwa kirefu zaidi na sisi vijana tulikiona ni cha kupotezea muda.

"Tisa anamwona mwizi," aliniambia Bwana Nasuru. "Hawaoni waliobadilishana viti. Hao anawaona kumi na moja."

Nilielewa maana yake. Tarakimu mbili zikipishana, jumla haibadiliki, basi kipimo cha tisa hakitasema neno. Nilielewa, nikaitika, na alipostaafu nikaacha kabisa kupima kwa kumi na moja.

Mwaka wa 1978 mamluki walipoingia, mambo ya redio yalibadilika. Wazungu wale wa kukodiwa walikuja wachache, wakakaa miaka mingi, na wengine walioa, wakasilimu na kuchukua majina kama yetu. Sitaandika siasa zao. Wapo wanaozijua kuliko mimi. Ninachojua ni kwamba kila telegramu iliyotoka Moroni kwenda kisiwa kingine ilipelekwa kwanza mezani kwao, ikasomwa, ndipo ikarudi kwetu ikiwa na mhuri. Iliyoingia kutoka Mutsamudu haikusomwa na mtu ila mimi. Huko hawakuwa bado na msomaji.

Sasa niwataje walimu wawili. Kwetu mwalimu huitwa fundi, hata kama hajawahi kushika nyundo. Fundi Mmadi alisomesha hesabu Moroni, mtu mrefu, mpole, aliyetembea ameinama kidogo kama anatafuta sarafu. Fundi Bakari alisomesha hesabu Mutsamudu. Walisoma pamoja Bukini, wakalala chumba kimoja miaka minne, na waliporudi kila mmoja akapangiwa kisiwa chake. Basi wakaanzisha mchezo. Kila baada ya muda mmoja alimpelekea mwenzake nambari kubwa kwa telegramu, nambari aliyoitengeneza kwa kuzidisha namba tasa mbili. Namba tasa ni ile isiyogawanyika kwa yoyote ila kwa moja na kwa yenyewe, na Fundi Mmadi alinionya nisiitaje mbele ya wanawake wasio na watoto bila kueleza kwanza. Kazi ya aliyepokea ilikuwa kuivunja ile nambari na kutaja zile mbili. Sharti lilikuwa kila moja izidi elfu moja, ili mwenzako asipite mlango wa nyuma. Hawakuwa na mashine. Walikuwa na penseli na jioni zao. Nambari moja iliweza kumkalisha mtu mwezi mzima.

Nilizipokea nyingi kabla ya ile moja, na nilizipenda. Katika siku iliyojaa misiba, harusi na "tuma dawa", ilikuwa raha kupata kitu ambacho hakikumlilia wala kumdai mtu.

Ile moja ilikuja siku ya Ijumaa karibu na sala. Aliyeipeleka kutoka Mutsamudu alikuwa Bweni Echati. Bweni ndivyo tunavyomwita mwanamke wa heshima. Hatukuwahi kuonana, lakini nilimjua kwa mkono wake juu ya kitufe kama mtu anavyomjua jirani kwa kikohozi. Nambari yenyewe ilikuwa na tarakimu kumi, katika mafungu mawili ya tano tano kama ilivyo desturi: 10736, kisha 02561. Hivyo ndivyo alivyoipeleka. Katika Morse tano ni nukta tano, na sita ni kistari kimoja na nukta nne. Kanzu yangu iliyopigwa pasi ilikuwa inaning'inia kwenye msumari wa mlango na mwadhini alikuwa ameshaanza. Fungu la pili niliandika 02651. Nikapima kwa tisa: jumla thelathini na moja, tatu na moja nne. Bweni Echati naye alikuwa ameongeza nne. Nikachomeka nakala, nikavaa kanzu. Sala niliwahi.

Jumamosi asubuhi Fundi Mmadi alikuja mwenyewe kuichukua. Aliisoma hapo hapo dirishani, kidole chake kikipita juu ya tarakimu, kikiruka moja moja. Nilimwona midomo ikisema ishirini na moja, kisha kumi. Akatoa kumi katika ishirini na moja. Halafu akaanza tena, na uso wake ukawa wa mtu aliyefungua mlango wa nyumba yake akakuta mgeni amekaa kitini. Jumla zile mbili zikitofautiana kwa kumi na moja, nambari nzima inagawanyika kwa kumi na moja. Mtoto wa shule anaweza kuligundua hilo. Rafiki yake wa miaka yote, asiyekosea, amempelekea nambari yenye mlango wa nyuma ulio wazi.

Aliomba fomu, akaandika jibu: "Nambari yako ina kumi na moja. Nimeshtuka. Rudia." Maneno yalikuwa ya Kifaransa, lakini ndiyo hayo. Mimi niliyapokea, nikayahesabu, nikaipeleka fomu mezani kwa wasomaji. Neno kumi na moja lilipita mbele ya macho yangu, na sikumkumbuka Bwana Nasuru hata kidogo.

Fomu haikurudi. Jumatatu, Fundi Mmadi alitolewa darasani mbele ya wanafunzi wake, chaki mkononi.

Mji mzima ulipigwa na bumbuwazi. Siku ya pili kila mtu alikuwa na kumi na moja yake. Wengine walisema ni bunduki kumi na moja zilizofichwa Ndzuani, kisiwa cha Mutsamudu. Wengine walisema ni watu kumi na moja, na walikuwa wanawataja, na majina yalikuwa yanapita kumi na moja. Nilimsikia mzee mmoja wa mtaa wa Badjanani akisema daima alijua mwalimu yule ana jambo, kwa kuwa alikuwa anatembea huku akizungumza peke yake. Nilitaka kumwambia alikuwa anagawanya. Nilinyamaza. Siku sita nilikwenda kazini na kurudi, nikijiambia kwamba ni mambo ya wakubwa na mimi ni mpitisha habari tu.

Siku ya saba, saa mbili asubuhi, kapteni mmoja wa wale wazungu aliingia chumba cha redio na askari wawili, na katikati yao Fundi Mmadi. Sikumtambua mara moja. Alikuwa bado na shati la kufundishia, lakini mkono wake wa kulia ulifungwa kitambaa mpaka ukawa kama boga dogo. Nikamwamkia kama tunavyowaamkia waliotuzidi, "Kwezi, Fundi," naye akaniitikia "Mbona" kwa sauti ya kawaida, kana kwamba amekuja kuchukua telegramu yake. Sauti ile ilinitisha kuliko mkono.

Kapteni hakuwa mjinga. Laiti angekuwa. Alikuwa mwanajeshi wa mizinga zamani, hesabu alizijua, na aliamua kulimaliza jambo kwa hesabu. Alieleza, kwa Kifaransa cha taratibu, kwamba mwalimu anadai huu ni mchezo. Kama ni mchezo, basi yule wa Mutsamudu anazijua namba mbili alizozidisha. Askari wake wa huko wameshamfikisha Fundi Bakari posta, na hakuambiwa kitu. Mimi nipige, niulize neno moja tu: vigawo.

Nikapiga. Bweni Echati akajibu kwamba amepokea, kisha kimya. Tulingoja. Kapteni alikaa juu ya ukingo wa meza yangu akichonga penseli kwa kisu. Fundi Mmadi alisimama. Nilitaka kumpa kiti changu nikaogopa kuuliza. Robo saa ikapita, kisha nusu. Kapteni alisema anayesema kweli hajibu polepole hivi. Mwishowe visikilizio vikalia, na nikaandika: 8191 na 131071.

Fundi Mmadi alipoziona akatabasamu. Ndiyo, katika hali ile alitabasamu. Aliniambia baadaye kwamba alizitambua papo hapo, nambari mbili za ukoo mmoja: ukianza na moja ukaizidisha kwa mbili mara kumi na tatu, ukatoa moja, unapata ya kwanza, ukifanya hivyo mara kumi na saba, unapata ya pili. Zote tasa. Ni zawadi ambayo mwanahesabu humchagulia rafiki.

Kapteni aligeuza fomu tupu, akachukua nambari yangu ya tarakimu kumi, akaigawanya kwa 8191. Aliandika vizuri, tarakimu zimepangana kama askari. Akagawanya kwa 131071. Akaziweka penseli na karatasi mbele ya Fundi Mmadi.

"Inabaki tisini," alisema. "Huku tisini, na huku tisini. Wewe unasema ina kumi na moja. Yeye anasema ina hizi. Mimi nimegawanya, na hizi hazimo. Mmoja wenu ni mwongo, au wote wawili."

Tabasamu la Fundi Mmadi lilikatika. Alishika karatasi kwa mkono wa kushoto akaifuata mistari ya kapteni mmoja baada ya mwingine, akitafuta kosa, na kosa halikuwapo. Nimeona watu wakipokea habari za vifo kwenye dirisha lile. Sijaona uso ulioshtuka kama ule. Alisema taratibu, si kwa kapteni bali kwa karatasi, kwamba Bakari hakosei kuzidisha.

Mimi nilikuwa nimeshaacha kusikia. Nilikuwa nimeganda kwenye neno tisini. Kila mtu wa kazi yangu anajua, au aliwahi kufundishwa, kwamba tofauti ikigawanyika kwa tisa, kuna tarakimu mbili zimebadilishana nafasi. Tisini ni tisa mara kumi: basi ni jirani wawili wanaopishana kwa moja, mmoja katika makumi na mmoja katika mamia. Nikaitazama nakala kwenye msumari. Mbili, sita, tano, moja. Sita na tano. Mwandiko wangu. Nikasikia masikio yangu yakivuma bila visikilizio.

Niseme kweli, kwa kuwa nimekula pensheni na hakuna wa kunifukuza. Jambo la kwanza lililonijia halikuwa kusema. Jambo la kwanza lilikuwa kwamba hakuna anayejua. La pili lilikuwa kwamba naweza kusema hewa ilikuwa mbaya siku ile na milio haikusikika vizuri. La tatu, nalo ndilo ninaloona haya kuliwaza hata leo, lilikuwa kwamba naweza kusema Bweni Echati alikosea kupeleka. Yuko mbali, sijawahi kumwona uso, na ni neno langu na lake. Yote matatu yalipita upesi kuliko ninavyoyaandika. Askari mmoja alikuwa ameshamshika Fundi Mmadi bega kumgeuza mlangoni.

"Kapteni, kosa ni langu," nilisema.

Nilimweleza. Tano na sita. Ijumaa. Kanzu. Kapteni alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema jambo ambalo mtu mwenye akili angelisema: kwamba nimeona tisini, nimetafuta tarakimu za kugeuza ili hesabu itoke, na kwa hiyo mimi ni mwenzao wa tatu. Nilimjibu asichukue nambari kutoka kwangu. Fomu aliyoiandika Fundi Bakari kwa mkono wake imechomekwa Mutsamudu. Askari wake wa huko aende msumarini, aisome mwenyewe, aipeleke kwa redio yao wenyewe, mimi nisiguse hata penseli.

Kisha akatoka kwenda kwenye gari lao lenye redio. Alikaa huko muda ambao sikuupima, nikiwa nimesimama ukutani na askari mbele yangu. Fundi Mmadi hakunitazama hata mara moja. Alikuwa amefumba macho na midomo inakwenda.

Kapteni alirudi na nambari kwenye kiganja chake, imeandikwa kwa wino. Akakaa, akagawanya. Nilisikia penseli ikisimama. Haikubaki kitu. Akagawanya kwa ile ya pili, haikubaki kitu. Akafuta kiganja kwa leso.

Alimwambia Fundi Mmadi aende nyumbani. Hivyo tu, kama unavyomwambia mtu duka limefungwa. Halafu akanigeukia mimi, akasema kwamba uzembe wangu umemgharimu mtu huyu siku sita na vidole viwili. Vidole vile sikuvivunja mimi. Lakini niliposimama pale nikitafuta la kumjibu, sikulipata, na nimelitafuta tangu hapo. Kwa adhabu alinipa siku kumi na moja ndani. Alisema amechagua idadi ambayo sitaisahau.

Za ndani sizielezi. Chumba kilikuwa kidogo na wadudu walikuwa wengi. Anayetaka zaidi na aende. Siku niliyotoka, Fundi Mmadi alikuwa ananingoja nje ya lango, mkono bado umefungwa, na mkate wa sinia katika kitambaa. Nilidhani amekuja kunilaumu na nilikuwa nimejitayarisha. Alinipa mkate. Tukatembea. Baada ya muda akaniuliza kama ile kumi na moja ilikuwa yangu kweli, kwamba Bakari hakuiweka. Nikamwambia ilikuwa yangu.

Akasema kule ndani alikuwa ameigawanya nambari kwa kumi na moja, akapata 97600241, akaendelea kuitafutia vigawo ukutani kwa kipande cha jiwe. Alijaribu kila namba tasa, akafika mia na kumi na tatu, haikukubali hata moja, ndipo wakamvunja vidole vya mkono wa kuandikia.

"Mwanzo nilimshuku Bakari," alisema. "Halafu nikaishuku hesabu. La pili liliniuma zaidi."

Nilimwomba radhi. Alisema radhi ameshanipa tangu niliposema mbele ya yule mzungu, ila nijifunze kupima kwa kumi na moja. Tangu siku hiyo sikuwahi kupokea nambari bila kuipima mara mbili, na vijana mnaocheka mkiniona nahesabu namba za simu kwa vidole, sasa mnajua. Yeye alirudi darasani akajifunza kuandika ubaoni kwa mkono wa kushoto. Kwa mwaka mzima wanafunzi wake waliinamisha vichwa kusoma, na hakuna aliyethubutu kulalamika.

Mimi nilihamishiwa Mutsamudu, na huko ndiko nilikomalizia kazi. Nilidhani ni adhabu nyingine. Nilikuta chumba chenye dirisha juu ya vichochoro vya mji wa kale, kitufe kilichong'aa kwa kutumika, na Bweni Echati, mwanamke mfupi wa Mirontsy mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alinikaribisha kwa kunionyesha mahali pa kuweka kanzu. Nilikiri kwake siku ile ile kwamba niliwaza kumsingizia. Akasema kuwaza si kupeleka, na akanipa fomu za kupanga.

Fundi Bakari naye nikamjua. Nilikwenda kwake Hombo wiki ya kwanza kumwomba radhi, akanipokea vizuri, chai na kila kitu, lakini hakutaka kuizungumza ile siku. Nambari hakupeleka tena. Nilidhani ni hofu, na nani angemlaumu. Fundi Mmadi alimwandikia barua nyingi. Alijibu moja moja, fupi, za kuuliza hali. Miaka ikapita hivyo. Mamluki waliondoka, mashine mpya zikaja, kitufe cha shaba kikafungiwa kabatini. Fundi Bakari aliugua, akalazwa hospitali pale pale Hombo, akafariki.

Kwenye matanga nilisema maneno. Nilisimulia jinsi alivyofikishwa posta na askari mwenye silaha, hajui kwa nini ameitwa, na bado akazitaja namba zake mbili bila kuyumba. Watu waliitikia kwa vichwa. Bweni Echati, ambaye naye alikuwa ameshastaafu, alikuwa upande wa wanawake na alinisikia. Jioni tulirudi pamoja kwa miguu kuelekea Mirontsy, na tulipofika mahali pasipo na watu akaniambia kwamba sikusema kweli, ila si kosa langu kwa kuwa sikujua.

Siku ile, Fundi Bakari aliposomewa swali, aliuliza ni nani aliyekamatwa. Bweni Echati akamwambia alilolisikia redioni wiki ile: ni Fundi Mmadi. Basi akaomba fomu, akaandika kwamba hamjui Mmadi na hakupeleka nambari yoyote, akatia sahihi, akampa aipige. Askari alikuwa mlangoni anavuta sigara.

Nilisimama njiani.

"Ukafanya nini?" nilimuuliza.

"Nikamwambia, Fundi, mkono wangu hauwezi kuipiga hii. Andika nyingine."

Alilia, alisema Bweni Echati. Alimsihi, akamtajia watoto wake. Bweni hakubishana naye. Alikaa tu na mikono mapajani. Huko Moroni tulikuwa tunangoja, na kapteni anachonga penseli. Mwishowe Fundi Bakari aliandika zile namba mbili. Fomu ya kwanza Bweni Echati aliichana vipande vipande akavitia ndani ya birika la chai, na askari alipoingia alimmiminia kikombe.

Sikupata usingizi siku tatu. Miaka yote ile nilijiona mimi ndiye niliyemtoa Fundi Mmadi kwa kusema kweli. Kumbe kama mwanamke mmoja angefanya kazi yake kama kanuni inavyosema, yaani peleka kilichoandikwa, nisingekuwa na tisini ya kushtukia wala neno la kukiri. Na mtu niliyemsifu matangani ndiye aliyekuwa ameshatia sahihi.

Nilikwenda Moroni wiki ile. Nilijiambia nakwenda kumpa Fundi Mmadi mkono wa pole, lakini nilijua nakwenda kumwambia, kwa kuwa nilishawahi kunyamaza mara moja siku sita na sikutaka tena. Nilimkuta barazani kwake, mzee sasa, kitabu kimeshikiliwa na ile mikono miwili isiyolingana. Nilimwambia yote, na ile fomu ya kwanza neno kwa neno.

Alifunga kitabu bila kuweka alama alipofikia.

"Na hiyo karatasi aliichana?" aliuliza.

"Aliichana, Fundi."

"Haikupigwa?"

"Haikupigwa."

"Basi hakusema," alisema Fundi Mmadi.

Kisha akaniuliza arobaini ya Bakari inaangukia siku gani, na meli ya Mutsamudu inaondoka lini. Nikamwambia ipo ya kesho asubuhi. Akasimama, akashika ukuta kidogo, akaingia ndani kumwambia mkewe amtafutie viatu.